Msanii Anapoifumua Filamu Mashuhuri

Simu za wakazi wa Nairobi hazikosi video iliyochezewa. Leo ni mwanasiasa anayesikika akitamka maneno ambayo hakuwahi kuyatamka. Kesho ni kipande cha filamu ya miaka ya sabini kilichopunguzwa kasi na kuwekewa muziki wa klabu. Na mara mojamoja huja video ya ajabu zaidi, ambamo mwigizaji maarufu anafungua mlango, anaufunga, anaufungua tena, kwa dakika nzima, bila hadithi kusogea hata hatua moja. Hiyo ya mwisho aghalabu imetoka mikononi mwa msanii, na ndiyo huzua ubishi mkubwa. Wapo wanaoiita uongo, kwa kuwa tukio halikuwa hivyo katika filamu yenyewe. Wapo wanaoiita wizi, kwa kuwa picha zote ni za mtu mwingine. Na wapo wanaosema kwamba kazi ya namna hiyo kijana yeyote mwenye simu angeimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Makala haya yanahusu video za aina hiyo ya mwisho, yaani sanaa ya video inayochukua matukio ya filamu mashuhuri na kuyabadilisha kwa njia za kidijitali. Naamini ni sanaa inayostahili kueleweka vizuri hapa kwetu, hasa wakati huu ambapo uwezo wa kubadilisha picha umo katika kila mfuko, na pia kwa sababu nyingine inayohusu filamu zilizopigwa katika ardhi yetu, ambayo nitaifikia.

Tuanze na filamu yenyewe. Filamu ni mfuatano wa picha tuli zinazopita mbele ya macho kwa kasi kiasi kwamba ubongo huziona kama mwendo mmoja. Kila picha moja huitwa fremu, na kwa desturi ya sinema fremu 24 hupita katika sekunde moja. Kuhariri ni kuchagua fremu zipi zibaki, zipi ziondoke, na zipangwe vipi. Mhariri wa filamu ya kawaida huficha kazi yake, kwa sababu anataka mtazamaji asahau kwamba kuna mkasi uliopita. Msanii tunayemzungumzia hufanya kinyume chake. Anachukua filamu ambayo watu wengi wameitazama, anabadilisha muda wake, mpangilio wake, watu waliomo au hata data inayoibeba picha, kisha anaionyesha kama kazi mpya huku akitaka badiliko lionekane waziwazi. Huitwa sanaa ya majaribio kwa sababu haimwahidi mtazamaji hadithi yenye mwanzo na mwisho, na mara nyingi huonyeshwa katika jumba la sanaa, ambako mtu huingia na kutoka apendavyo.

Fundi cherehani wa Gikomba anayenunua koti la mitumba, akalifumua mishono yote, akaligeuza bitana kuwa nje na kulifanya vazi jingine, anatusaidia kuuona mpango huu. Kitambaa si chake na hadai kuwa alikifuma. Lakini anapokigeuza, mvaaji huona mambo ambayo koti lilikuwa limeyaficha: pamba iliyojazwa mabegani, mishono ya haraka ndani ya mfuko, rangi halisi ya kitambaa pale ambapo jua halikufika. Filamu nayo ina bitana yake, na kazi ya msanii huyu ni kuitoa nje.

Jambo la kwanza la kusahihisha ni dhana kwamba haya yote yameletwa na kompyuta. Mnamo 1936 msanii wa Marekani Joseph Cornell alichukua filamu ya mwaka 1931 iitwayo East of Borneo, akaikata, akabakisha hasa vipande vyenye mwigizaji wake mkuu, Rose Hobart, kisha akaionyesha kwa kasi ndogo, ikiwa imetiwa rangi ya buluu, huku santuri ikipigwa pembeni. Hadithi ikapotea, na kilichobaki ni mwanamke anayegeuka, anayesubiri, anayetazama kitu tusichokiona. Kompyuta ilipokuja ilikuta msingi umekwisha kuwekwa. Ilichoongeza ni uwezo wa kuingia ndani ya fremu na kuifanyia kazi sehemu moja moja.

Badiliko lililo rahisi kulielewa ni lile la muda. Mwaka 1993, mjini Glasgow, msanii Douglas Gordon alionyesha kazi iitwayo 24 Hour Psycho. Alichukua filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, Psycho, akaipunguza kasi na kuinyamazisha mpaka ikachukua saa 24 kamili. Hesabu yake inafaa kuifuata. Filamu hiyo ina dakika 109, sawa na sekunde 6,540. Kwa fremu 24 kila sekunde tunapata takriban fremu 157,000. Zigawanye kwa sekunde 86,400 zilizomo katika siku moja, nawe unapata chini kidogo ya fremu mbili kwa sekunde. Mwendo unavunjika. Mkono unaopanda unakuwa picha, kisha picha, kisha picha nyingine. Tukio la mauaji ya bafuni, ambalo katika sinema linapita kwa takriban dakika tatu na kumwacha mtazamaji akihema, hapa linachukua karibu dakika 40, na karibu kila anayeingia ukumbini anajua tayari jinsi litakavyoishia.

Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, faida iko wapi. Jibu langu ni kwamba hofu ya filamu hutengenezwa kwa kasi. Hitchcock alikata picha zake haraka ili tuamini tumeona kisu kikifanya mambo mengi kuliko tuliyoyaona kwa macho. Kasi ikiondolewa, hofu nayo huondoka, na mtazamaji hubaki na fremu zenyewe: maji, pazia, mdomo uliofunguka, kivuli. Ndipo anapogundua kiasi gani cha kile alichokiogopa alikijaza mwenyewe kichwani. Ugunduzi huo hauletwi na filamu ikiwa katika kasi yake ya kawaida, hata ukiirudia mara kumi.

Martin Arnold wa Austria alikwenda njia nyingine. Katika kazi yake ya mwaka 1989, Pièce touchée, alichukua sekunde 18 tu za filamu ya miaka ya hamsini, ambamo mwanamke ameketi sebuleni na mwanamume anaingia kumbusu, akazivuta mpaka zikawa takriban robo saa. Alifanya hivyo kwa kuzirudisha fremu nyuma na mbele, nyuma na mbele, akisonga kidogo kila mara, hata salamu ya mume na mke ikaanza kufanana na vita vya kimyakimya. Miaka minne baadaye alifanya hivyo hivyo kwa tukio la kiamsha kinywa kutoka To Kill a Mockingbird, filamu ya mwaka 1962: mlango unabamizwa kama bunduki inayofyatuka mfululizo, baba anaamuru, mtoto anaketi, anainuka, anaketi. Kazi hizo mbili zilifanywa kwa mashine ya kunakili mkanda, fremu baada ya fremu, kabla programu za kompyuta hazijarahisisha shughuli hiyo. Nazitaja kwa sababu zinajibu lile dai la kazi ya jioni moja. Kurudisha kipande nyuma ni rahisi kweli. Kujua ni fremu ipi kati ya mamia inayobeba ukali uliojificha ndani ya tabasamu, na kuipima mpaka mtazamaji aione mwenyewe bila kuelekezwa, ni ufundi wa miaka.

Upangaji upya wa vipande hauhitaji maelezo marefu, maana kila aliyetazama vionjo vya filamu anaujua. Kazi mashuhuri zaidi ni The Clock ya Christian Marclay, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 2010 na kushinda tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka uliofuata. Maelfu ya vipande vya filamu vyenye saa za ukutani, saa za mkononi au watu wanaotaja muda vimeunganishwa kwa saa 24, na kazi huwashwa ikilingana na wakati halisi wa mahali inapoonyeshwa, hivyo saa nane mchana kwenye skrini ni saa nane mchana kwa mtazamaji pia.

Karibu zaidi na kwetu, Candice Breitz, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1972, hupunguza filamu mpaka abaki na mtu mmoja. Katika Soliloquy Trilogy ya mwaka 2000 alichukua filamu tatu, moja ya Clint Eastwood, moja ya Jack Nicholson na moja ya Sharon Stone, akatupa kila kitu isipokuwa sauti na maneno ya nyota mwenyewe. Katika Mother + Father ya mwaka 2005 aliwatoa waigizaji kama Meryl Streep na Dustin Hoffman katika mandhari zao, akawaweka kwenye giza tupu, kila mmoja na skrini yake, wakilia na kulalamika na kujieleza kama wazazi. Bila jiko, bila mtoto, bila nyumba, tunaona kwamba "mama" na "baba" wa Hollywood ni ishara za uso na misemo inayojirudia kutoka filamu hadi filamu. Nitakuja kuihitaji mbinu hii mwishoni, kwa hiyo naomba msomaji aikumbuke.

Sasa tunafika kwenye ufutaji, na hapa napenda kukaa zaidi, kwa kuwa ndipo teknolojia ya kidijitali ilipofungua mlango ambao mkasi haukuweza kuufungua. Kati ya mwaka 2000 na 2001 msanii wa Marekani Paul Pfeiffer alitengeneza mfululizo uitwao The Long Count, akitumia picha za mapigano matatu ya Muhammad Ali. Picha zake zilitoka katika matangazo ya ndondi, si katika filamu ya hadithi, lakini ni picha ambazo dunia nzima inazijua kwa moyo. Moja ni ya pambano la Kinshasa la Oktoba 1974 dhidi ya George Foreman, ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki bado hulisimulia kana kwamba walikuwa pembeni mwa ulingo. Pfeiffer aliwafuta mabondia. Ulingo upo, umati upo, kamba zinabonyea na kurudi, lakini Ali na Foreman hawapo. Kuna mtikisiko tu wa hewa, kama maji juu ya samaki asiyeonekana.

Mtu hufutwaje katika picha inayotembea? Nyuma ya bondia kuna sehemu ya umati ambayo amekingama mbele yake. Katika fremu nyingine, kabla au baada ya hapo, bondia amesogea na sehemu hiyo imefunuka. Msanii hukata kipande cha mahali palipofunuka na kukibandika pale palipozibwa, akilinganisha mwanga, pembe ya kamera na ukungu wa picha, kisha huhamia fremu inayofuata na kuanza upya. Dakika moja ya picha kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 1,440. Siku hizi programu husaidia sana, lakini wakati ule kazi ilifanywa kwa subira ya mshona shanga. Ni muhimu pia kutambua kwamba Pfeiffer aliacha alama. Angetaka kuficha kabisa angeweza kusafisha zaidi, ila ule mtikisiko ndio unaotuambia kwamba pengo hili lilikuwa na mtu. Mtazamaji hujikuta akiwatazama watazamaji: maelfu waliokusanyika kutazama miili miwili ikiumizana, na miili yenyewe imeondolewa.

Arnold naye alifuta watu katika Deanimated ya mwaka 2002, iliyotokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1941 aliyoigiza Bela Lugosi. Waigizaji wanapotea mmoja baada ya mwingine, midomo ya waliosalia inafungwa ili wasiseme, na kamera inaendelea kusogea kwa adabu kuelekea viti vitupu, kama mtumishi ambaye hajaambiwa kwamba wenye nyumba wamehama.

Ngazi inayofuata ni ngumu kidogo, lakini yeyote aliyewahi kutazama mpira kwenye intaneti dhaifu ameshaiona. Faili ya video haihifadhi fremu zote kikamilifu, maana ingekuwa kubwa kupita kiasi. Huhifadhi fremu moja nzima, kisha kwa fremu kadhaa zinazofuata huandika tofauti tu: sehemu hii imesogea kulia, ile imekuwa nyeusi zaidi, iliyobaki haijabadilika. Baada ya muda huweka tena fremu nzima na kuanza upya. Fremu nzima ikipotea njiani, maagizo ya mwendo huendelea kutekelezwa juu ya picha isiyo yake, na ndipo uso wa mchezaji unapoyeyuka na kuwa nyasi. Wasanii walilichukua kosa hilo na kulifanya brashi. Takeshi Murata, msanii wa Marekani, aliziharibu kwa makusudi data za filamu za zamani. Katika kazi yake ya mwaka 2006, Untitled (Silver), alitumia filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1960, na mwigizaji Barbara Steele anaonekana akitembea huku mwili wake ukiacha nyuma yake mkia wa rangi ya fedha. Kinachobaki ni mwendo bila mwenye kwenda.

Kisha ikaja akili mnemba. Mwaka 2016 Terence Broad, aliyekuwa mwanafunzi London, aliifundisha programu kwa kuilisha fremu za filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, akiilazimisha kuikumbuka kila fremu kwa namba chache na kisha kuichora upya kutoka katika namba hizo. Matokeo ni filamu ile ile yenye ukungu, kama inavyokumbukwa na mtu aliyeamka usingizini. Kampuni ya Warner Bros. ilituma madai ya hakimiliki ili video iondolewe mtandaoni, kisha ikayaondoa madai hayo. Na mwaka 2024 Arthur Jafa, mmoja wa wasanii weusi mashuhuri wa Marekani, alionyesha New York kazi iliyolirudia tukio la mwisho la Taxi Driver ya Martin Scorsese, lile la risasi na damu. Mwandishi wa filamu hiyo ya mwaka 1976, Paul Schrader, amewahi kueleza kwamba katika mswada wake kuwadi anayepigwa risasi katika tukio hilo alikuwa mtu mweusi, na kwamba nafasi hiyo ilipewa mwigizaji mweupe kwa kuhofia ghasia katika kumbi za sinema. Jafa aliwarekodi waigizaji weusi na kuwaingiza mahali pa wale weupe, na tukio likarudia na kurudia. Ubaguzi uliokuwa umefunikwa ndani ya filamu kwa miaka karibu hamsini ukatoka nje, na mtazamaji aliyekuwa akimshangilia stelingi analazimika kujiuliza alikuwa akishangilia nini hasa.

Mfano huu wa Jafa ndio mahali pazuri pa kuondoa mkanganyiko mkubwa kuliko yote, ule wa kuchanganya sanaa hii na video ghushi. Vifaa vyaweza kuwa vile vile. Uso unaweza kubadilishwa kwa programu ile ile. Tofauti iko katika kile ambacho mtazamaji anatakiwa akijue. Video ghushi hufa pindi mtazamaji anapojua imebadilishwa. Nguvu yake yote iko katika kutojua kwetu. Kazi ya Jafa au Pfeiffer haianzi hata kufanya kazi mpaka tujue imebadilishwa, na huwa na nguvu zaidi kadiri tunavyoikumbuka vizuri ile ya awali. Ya kwanza humwibia mtazamaji ujuzi wake, ya pili huutegemea.

Sisemi kwamba mpaka huo hauvukwi. Kipande cha sekunde 20 kikikatwa kutoka katika kazi ya sanaa, kikaondolewa jina na maelezo, kikarushwa katika kundi la WhatsApp la mtaa, kinaweza kumdanganya mtu kama video ghushi yoyote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta ilipotungwa iliweka adhabu kwa uchapishaji wa habari za uongo kwa makusudi, na kusema tu kwamba picha ilitengenezwa na msanii hakumwondolei anayesambaza wajibu wake. Kwa hiyo anayeipeleka kazi ya namna hii kwa mwenzake apeleke pia jina la kazi, la msanii na la filamu iliyotumika.

Tuje kwenye wizi. Hapa jibu la haraka la ndiyo au siyo litapotosha. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda filamu kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa kwanza, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Ndani ya muda huo, anayetaka kutumia sehemu kubwa ya filamu anapaswa kuomba idhini. Sheria inaruhusu matumizi kadhaa ya haki, kama vile utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa, kwa sharti kwamba chanzo kitajwe. Vilevile inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna inayoharibu heshima au jina lake, na haki hii inaihusu moja kwa moja sanaa ambayo shughuli yake ni kubadilisha. Upande wa pili wa mizani upo Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010, inayotaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza, ilhali Ibara ya 40 ya Katiba hiyo hiyo inalitaka taifa lilinde haki za ubunifu wa watu wake. Haki zote mbili zimekaa katika kitabu kimoja, na msanii na mwenye filamu kila mmoja anaweza kushika ukurasa wake.

Marekani, ambako kesi nyingi za namna hii husikizwa, mahakama huuliza kama kazi mpya ina kusudi tofauti na ile ya awali au inachukua soko lake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua dhidi ya wakfu wa marehemu msanii Andy Warhol kuhusu picha ya mwanamuziki Prince iliyotokana na picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith, kwa sababu zote mbili zilikuwa zikikodishwa kwa magazeti kwa matumizi yale yale. Fundisho la kesi hiyo kwa wasanii wa video ni kwamba kubadilisha sura peke yake hakutoshi. Binafsi naona kipimo hicho kina busara. Saa 24 za Gordon hazimzuii mtu yeyote kununua tiketi ya Psycho. Lakini anayepakia filamu nzima mtandaoni baada ya kuigeuza kushoto-kulia ili programu za ukaguzi zisimkamate hajafanya sanaa, hata akijiita msanii.

Nilisema Nairobi ina sababu yake ya kuielewa sanaa hii. Ya kwanza ni kwamba watazamaji wake wamezoezwa tayari. Kwa miaka mingi DJ Afro amesimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, sauti yake ikitembea juu ya picha, ikimtania adui, ikimpa stelingi nia ambazo mwandishi wa filamu hakuziwaza. Tanzania walikuwa naye marehemu Lufufu. Picha haiguswi katika masimulizi hayo, lakini maana inahama, na kila aliyeketi kwenye kibanda cha video anajua kwamba kuna filamu mbili zinazochezwa kwa wakati mmoja, ya Hollywood au Hong Kong na ya msimulizi. Mtu wa namna hiyo akiingia katika jumba la sanaa na kukuta kazi ya Breitz, nadhani ana matayarisho bora kuliko msomi ambaye hajawahi kusikia filamu ikijibiwa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Filamu kadhaa maarufu za Hollywood zilipigwa katika ardhi ya Kenya: Trader Horn ya mwaka 1931, King Solomon's Mines ya mwaka 1950, Mogambo ya mwaka 1953, na Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoshinda tuzo saba za Oscar na kuifanya milima ya Ngong ijulikane dunia nzima. Katika nyingi ya hizo Wakenya wako pembeni mwa fremu, wakibeba mizigo, wakisubiri amri, wakicheza ngoma nyuma ya mtu mwingine anayezungumza. Studio zenyewe ziliwachukulia hivyo kwa vitendo. Picha zilizosalia katika upigaji wa Trader Horn zilitumiwa na kampuni ya MGM mwaka mmoja baadaye katika filamu ya Tarzan, na zile za King Solomon's Mines zikatumika tena mwaka 1959 katika filamu nyingine. Watu wetu walikatwa na kuunganishwa upya muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuliza kama kufanya hivyo ni sanaa au ni wizi.

Fikiria basi mbinu zilizoelezwa hapa zikiwa mikononi mwa vijana wanaohariri video Nairobi leo. Katika Trader Horn yumo mwigizaji Mutia Omoolu, anayecheza nafasi ya Rencharo, mbeba bunduki wa mfanyabiashara mweupe. Kwa njia ya Breitz, kila fremu asiyokuwamo ingetupwa, na kazi ingemfuata yeye peke yake: anavyosikiliza, anavyotazama pembeni, anavyosimama wakati wengine wanazungumza juu ya kichwa chake. Kwa njia ya Pfeiffer, mabwana wangefutwa mbele yake, akabaki akiwatumikia watu wasioonekana. Kwa kipimo cha miaka 50 cha sheria ya Kenya, muda wa filamu hiyo ulikwisha zamani. Nchini Marekani, ambako filamu za kipindi kile hulindwa kwa miaka 95, ulinzi wake unafika kikomo mwishoni mwa Desemba 2026, na kuanzia Januari 2027 msanii wa Nairobi anaweza kuifumua, kuishona upya na kuionyesha huko pia bila kumwomba mtu idhini.